Rekodi imepotea kwenye programu ya muziki: mahali pa kuitafuta kabla hujamwita mwimbaji arudie

Sauti ya mwimbaji hairudiwi. Unaweza kumwita kesho, akaimba maneno yaleyale kwa ufunguo uleule, na bado ukakosa kile kilichotokea jana. Ndiyo maana kauli ya "turudie tu" huniudhi inapotamkwa mara tu rekodi isipoonekana kwenye skrini. Mara nyingi sauti bado iko kwenye diski, nzima kabisa. Kinachoimaliza ni yale tunayoyafanya kwa haraka baada ya kushtuka: kurekodi upya juu ya diski ileile, kusafisha folda, kukubali kila kidirisha kinachochomoza.

Kwa hiyo, rekodi isipoonekana, kwanza acha kila kitu. Usirekodi kingine, usikopi kitu kuingia kwenye diski hiyo, usifunge programu kabla ya kusoma inachokuuliza. Ukilazimika kuhifadhi mradi, uhifadhi kwa jina jipya ili ule wa zamani ubaki kama ulivyokuwa.

Mifano mingi hapa nimeitoa kwenye Reaper, programu ya kurekodi na kuhariri muziki, kwa sababu haifichi mafaili yake. Programu nyingine za aina hiyo, yaani Audacity, FL Studio, Ableton Live, Logic, Cubase na Pro Tools, nitazitaja pale zinapotofautiana nayo.

Mradi si sauti

Ukilielewa hili moja, nusu ya matatizo yote yamekwisha. Faili la mradi halina sauti ndani yake. La Reaper, lenye kiambishi .rpp, ni maandishi matupu: lifungue kwa Notepad utaona mistari inayoanza na neno FILE, ikifuatiwa na jina la faili la WAV, yaani faili la sauti lenyewe. Mradi unasema kipande kipi kianzie wapi, kikatwe wapi, kipewe plagini gani (programu ndogo za kubadili sauti). Sauti yenyewe ni faili jingine, pengine kwenye folda nyingine, pengine kwenye diski nyingine. Faili la .ptx la Pro Tools na la .flp la FL Studio hufuata mtindo huohuo.

Hapo ndipo panatokea kile kisa cha flashi ambacho kila prodyuza amekutana nacho. Msanii anahama studio, anapewa flashi yenye faili la mradi la kilobaiti mia kadhaa, anafika kwa prodyuza wa pili na mradi unafunguka bila sauti hata moja. Faili la ukubwa huo haliwezi kubeba vokali za wimbo mzima: dakika moja ya sauti ya mono (chaneli moja), biti 24, kHz 48, ni takribani MB 8.6. Kabla ya kuipokea flashi, tazama ukubwa wa kilichomo.

Dalili: mradi unafunguka lakini vipande ni vitupu, au programu inasema mafaili hayapatikani

Katika hali hii karibu kila mara sauti ipo. Kilichobadilika ni njia ya kuifikia: folda imepewa jina jipya, diski ya nje imepata herufi nyingine kwenye Windows (jana ilikuwa E, leo ni F), au faili la mradi limehamishwa peke yake.

Soma jina la faili linalotafutwa, kisha litafute kwenye diski zote. Usipojua jina, tafuta *.wav halafu panga matokeo kwa tarehe. Reaper kwa kawaida huipa rekodi jina lenye namba ya traki, jina la traki, tarehe na saa, kwa hiyo ukikumbuka siku ya kurekodi utaitambua. Ikiwa ulirekodi kabla ya kuuhifadhi mradi kwa mara ya kwanza, fungua folda ya REAPER Media ndani ya Documents. Mimi huanza na hiyo, maana wengi hufungua programu, wanabonyeza kitufe chekundu, na mradi wanaupa jina saa mbili baadaye.

Kwenye FL Studio, tazama folda ya Recorded kwenye kivinjari kilicho kushoto. Kwenye Ableton Live, tazama Samples kisha Recorded ndani ya folda ya mradi.

Ukizipata, usizihamishe moja moja kwa mkono. Ielekeze programu mahali zilipo, mradi ufunguke ukiwa kamili, kisha uhifadhi upya kwa kukusanya kila kitu pamoja. Reaper, kwenye "Save project as", ina kisanduku cha kukopi sauti zote kwenda kwenye folda ya mradi. Ableton ina "Collect All and Save". FL Studio ina "Zipped loop package" kwenye sehemu ya Export. Kama kuna tabia moja ya kumfundisha kijana anayeanza kazi studio, ni hii.

Dalili: umesimamisha kurekodi na hakuna kipande chochote kwenye traki

Sababu ni kadhaa, na hazilingani kwa uzito.

Nyepesi kuliko zote: kipande kipo lakini kimefunikwa. Ukirekodi kwa kuzungusha (loop), majaribio yote hukaa kwenye kipande kimoja na unaona la mwisho tu. Bonyeza T ukiwa umechagua kipande, Reaper itakupitisha kwenye majaribio moja baada ya jingine. Kama umewasha hali ya utepe, ambamo rekodi mpya hukata kilichokuwa chini yake, kilichokatwa bado kiko kwenye faili lake. Ctrl+Z itakirudisha kwenye skrini.

Ya pili ni kile kidirisha cha baada ya kurekodi. Reaper inaweza kupangwa ikuulize, kila unaposimamisha, kama unataka kuhifadhi au kufuta mafaili mapya. Kina kitufe cha "Delete All". Mtu aliyechoka, saa nane za usiku, anakibonyeza akidhani anafunga kidirisha tu. Hapa Ctrl+Z haisaidii, kwa sababu kilichoondoka ni faili lenyewe kwenye diski. Ruka hadi sehemu ya mafaili yaliyofutwa. Ukishamaliza kuokoa, nenda kwenye mipangilio ya kurekodi ukizime kidirisha hicho. Nasema hivi bila kusita: kwenye kompyuta inayorekodi watu, kidirisha hicho hakina kazi. Majaribio mabovu yafutwe wimbo ukishatoka, na mtu aliyelala vizuri. Logic nayo huuliza swali linalofanana na hilo ukifuta kipande ulichokirekodi muda huohuo: unataka faili libaki au lifutwe? Jibu liwe libaki.

Pia fungua orodha ya amri ya Reaper kwa kitufe cha ? na utafute "Transport: Stop (DELETE all recorded media)". Amri hii husimamisha na kufuta kwa pigo moja. Hakikisha haijafungwa kwenye kitufe chochote unachoweza kukigusa gizani.

Ya tatu ndiyo chungu. Traki ya Reaper ina hali ya kurekodi ambayo hairekodi, bali husikilizisha tu. Kwenye orodha inaanza na "Record: disable". Kitufe chekundu kinawaka, mita inacheza, mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni, na hakuna baiti hata moja inayoandikwa. Hakuna cha kuokoa hapa. Njia pekee ni jaribio la sekunde kumi kabla ya kazi: rekodi, simamisha, cheza, kisha fungua folda uone faili limeongezeka. Mita ikicheza maana yake sauti imeingia. Haisemi kitu kuhusu kuandikwa.

Watumiaji wa FL Studio wana la kwao: Edison, kirekodi na kihariri cha sauti kilichomo ndani yake. Ukirekodi ndani ya Edison, sauti hukaa kwenye memori mpaka uihifadhi kama faili. Programu ikianguka kabla ya hapo, imekwenda. Kwa vokali ndefu, rekodi moja kwa moja kwenye Playlist (ukurasa wa kupangia wimbo), ambako sauti inaandikwa kwenye diski.

Dalili: umeme ulikatika katikati, faili lipo lakini linasoma sekunde sifuri au halifunguki

Luku imeisha, au mtaa mzima umezima, na kwaya ilikuwa ubeti wa tatu. Ukiwasha kompyuta unakuta faili la WAV la MB 300, lakini kila programu inasema ni tupu. Usilifute. Ukubwa huo ndio ushahidi kwamba sauti imo.

Faili la WAV lina kichwa kifupi mwanzoni, kwa kawaida baiti 44, kinachoeleza idadi ya chaneli, kasi ya sampuli, biti, na urefu wa data. Programu nyingi huandika urefu kamili pale unaposimamisha kurekodi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kichwa kinabaki na sifuri, au na namba ya zamani, na msomaji anaamini kichwa badala ya kuangalia yaliyomo.

Kopi faili hilo kwanza kwenye diski nyingine, ufanye kazi kwenye nakala. Fungua Audacity, nenda File, kisha Import, kisha Raw Data. Itakuomba uieleze sauti ikoje, kwa kuwa sasa hakisomwi kichwa. Chagua 24-bit PCM ikiwa ndivyo ulivyorekodi (au 32-bit float), little-endian (mpangilio wa baiti unaotumika kwenye WAV), idadi ya chaneli, na kasi ya sampuli ya mradi. Kwenye nafasi ya baiti za kuruka mwanzoni, weka 44.

Matokeo yatakuambia umekosea wapi. Mluzi wa kelele tupu maana yake biti si sahihi, au umeanza kusoma katikati ya sampuli. Kwa sauti ya biti 24 kila sampuli ni baiti tatu, kwa hiyo kwenye mono ongeza 1, kisha 2, kwenye idadi ya baiti za kuruka, na mojawapo itakaa sawa. Hii hutokea kwa sababu baadhi ya mafaili yana kichwa kirefu zaidi ya 44. Sauti ikiwa ya juu kama ya mtoto na wimbo umekwisha kwa nusu ya muda, umesoma mono kama stereo (chaneli mbili). Ikiwa nzito kidogo na inajikokota, huenda umesoma 48000 kama 44100. Kelele fupi ya mwanzoni ni mabaki ya kichwa. Ikate, kisha hifadhi kama WAV mpya na uirudishe kwenye mradi.

Hali ngumu zaidi ni faili linaloonekana kuwa na baiti 0. Hilo hutokea hasa kwenye flashi na diski za nje zilizoumbizwa kwa FAT32 au exFAT (mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski), ambako ukubwa wa faili unaweza usiandikwe kwenye orodha ya diski mpaka faili lifungwe. Sauti inaweza kuwa imo, ila orodha haiijui. Windows ikikuomba iikague na kuirekebisha diski hiyo, kataa kwanza. Ukaguzi huo unaweza kuyageuza mabaki kuwa mafaili yenye kiambishi CHK ndani ya folda iitwayo FOUND.000, na kuyapanga upya ni kazi kubwa. Pitisha kwanza programu ya kuokoa data, nitakayoieleza chini. Na kuanzia siku hiyo, diski ya kurekodia iumbize kwa NTFS kwenye Windows au APFS kwenye Mac, kwa sababu hizo huvumilia kukatika ghafla kuliko exFAT.

Kinga yake haina siri. Laptopu yenye betri nzima ni salama kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya umeme). UPS ndogo haihitaji kukubeba saa nzima, inatosha kukupa muda wa kubonyeza kusimamisha na kuhifadhi. Lakini kumbuka kuchomeka na vifaa vyote vinavyohusika: kama diski ya nje ina adapta yake na imechomekwa ukutani, UPS ya kompyuta haitaiokoa.

Dalili: hafla ilirekodiwa kwa saa nyingi, na sehemu ya mwisho haisomeki

Namba inayoandika ukubwa ndani ya kichwa cha WAV ina biti 32, kwa hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya GB 4. Stereo ya biti 24 kwa kHz 48 inafika hapo baada ya saa 4 na dakika 8 hivi. Kwa kHz 96, ni saa 2 na dakika 4. Tamasha la taarab au mkesha wa injili hupita hapo bila taabu. FAT32 nayo haipokei faili lenye zaidi ya GB 4 kasoro baiti moja, hata likiwa la aina gani.

Kama faili limezidi kiasi hicho kwenye diski, njia ya Raw Data ya hapo juu inalisoma lote. Kwa siku zijazo, kwenye mipangilio ya WAV ya Reaper kuna sehemu ya mafaili makubwa: chagua ibadilike yenyewe kwenda Wave64 au RF64, maumbo yasiyo na kikomo hicho. RF64 ni umbo lililowekwa na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, kwa ajili ya tatizo hilihili.

Dalili: faili limefutwa kweli

Anza na pipa la taka. Kwenye Cubase kuna pipa jingine ndani ya Pool (orodha ya mafaili ya sauti ya mradi), nalo faili linakaa mpaka ulimwage. Ukilimwaga utaulizwa: kuondoa kwenye Pool tu, au kufuta kwenye diski? Pro Tools ina swali kama hilo ukisafisha orodha ya vipande. Remove huacha faili likiwepo, Delete hulimaliza. Hali yake ya kurekodi iitwayo Destructive huandika juu ya faili la zamani lenyewe, kwa hiyo iepuke isipokuwa una sababu unayoweza kuieleza kwa sauti.

Pipa likiwa tupu, aina ya diski ndiyo inayoamua. Kwenye diski ya kuzunguka, kufuta huondoa jina tu na data inabaki mpaka iandikiwe juu. PhotoRec ni programu ya bure ya kuokoa data na inaitambua WAV kwa alama za mwanzo wa faili. Itakurudishia sauti bila majina, kwa hiyo jiandae kusikiliza moja moja. Hakikisha kinachookolewa kinaandikwa kwenye diski nyingine kabisa. Kwenye SSD ya ndani, mfumo huiambia diski izisafishe sehemu zilizofutwa kwa amri iitwayo TRIM, mara nyingi papo hapo. Jaribu, lakini mwambie mwimbaji ukweli mapema.

Ukitumia amri ya Reaper ya kusafisha folda ya mradi, fahamu kwamba inaangalia mradi uliofunguliwa. Ukiwa na miradi mitatu ndani ya folda moja, vokali za ile miwili mingine zitaonekana kama taka.

Dalili: jana ilikuwepo, leo ina alama ya wingu

OneDrive imeichukua folda yako ya Documents. Faili linaonekana lakini lipo mtandaoni tu, na bila bando halifunguki. Lilazimishe libaki kwenye kompyuta, kisha hamishia miradi nje ya folda zinazosawazishwa. Wingu lipokee nakala ukishafunga mradi. Usirekodi moja kwa moja ndani yake.

Audacity ilianguka

Ikifunguliwa tena itaonyesha kidirisha cha kuokoa. Chagua "Recover Selected". "Discard Selected" inatupa kila ulichokichagua. Ukitaka kufikiri kwanza, "Skip" huacha mambo yalivyo. Miradi ya kabla ya toleo 3.0 la mwaka 2021 ina faili la .aup pamoja na folda inayoishia na _data. Faili bila folda halina sauti. Tangu 3.0 ni faili moja la .aup3, lakini ukiona pembeni yake jingine linaloishia na -wal, usiyatenganishe. Lile la .aup3 lifungue kwanza kwenye Audacity, uhifadhi, ufunge, ndipo ukopi.

Mpangilio ninaoupendekeza

Hifadhi mradi kwenye folda yake kabla ya kubonyeza kitufe chekundu, kila mara. Washa hifadhi ya kujiendesha ya Reaper iandike nakala za mradi zenye tarehe na saa, ila ukumbuke kwamba hizo ni nakala za mradi na wala si za sauti. Kwa kazi isiyoweza kurudiwa, kama harusi, mazishi au mzee anayeghani tenzi ambazo hakuna mwingine anazozijua, weka njia ya pili ya kurekodi kwenye mipangilio ya mradi na uiambie traki iandike njia zote mbili kwa pamoja, ya pili ikiwa diski nyingine. Afadhali zaidi, weka na kirekodi cha mkononi chenye betri zake pembeni ya jukwaa. Kwenye Cubase kuna pia Audio Pre-Record, inayohifadhi hadi sekunde 60 za sauti iliyoingia kabla hujabonyeza kurekodi.

Kazi ikiisha, na kabla mwimbaji hajaondoka, kopi folda nzima kwenye diski ya pili. Nakala ya tatu ikae nje ya jengo: nyumbani kwako, kwa msanii mwenyewe, au wingu. Kisha chomoa diski ya studio, ufungue ile nakala kwenye kompyuta nyingine na ucheze kila traki. Kompyuta ileile iliyorekodi itazipata sauti kwenye diski yake yenyewe na kukudanganya kwamba nakala imekamilika.